Besi Yangu Inaniangusha, Niuze Kiti cha Saluni?

Mama Mshauri, shikamoo. Najua watu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na urithi na wakwe waliokuja kusalimia wakahamia, na mimi nakuja na habari za gitaa, lakini nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu Jumamosi hii kuna mtu anakuja na gari kuchukua kiti changu kimoja cha kunyolea, na anayefanya kazi kwenye kiti hicho mpaka sasa hajui lolote.

Mimi ni kinyozi, nina saluni ndogo ya wanaume yenye mlango wa kioo na viti viwili, kimoja changu na kingine cha mdogo wangu ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe na ambaye mwaka huu amepata mtoto wa kwanza, lakini ukiniamsha usingizini ukaniuliza mimi ni nani sitasema kinyozi, nitasema mpiga besi, kwa sababu ndicho kitu ninachokifikiria mkono ukiwa juu ya kichwa cha mtu, na wateja wangu wa siku zote wameshazoea nikigonga vidole kwenye mgongo wa kiti. Bendi yetu si kubwa, tunapiga kwenye harusi na mahafali na sherehe za kuwaaga wastaafu, na kwenye dramu tunaye mzee mmoja fundi wa maji tunayemwita Bomba, mtu wa watu, ila masikio nadhani yameshachoka kidogo maana kila mazoezi yakiisha ananiambia, “Kinyozi, piga kidogo, niache nipumue,” na mimi naitikia ndiyo mzee halafu naendelea na yangu.

Sasa shida ni besi yenyewe, Mama. Niliipata kwa mpiga besi aliyenitangulia siku alipoamua kuachana na muziki, rangi imebanduka, shingo imepinda kidogo, kitufe kimoja cha sauti kilipotea nikabandika kifuniko cha dawa ya meno, waya wake nisipouzungusha kwa namna fulani unakoroma kama mtu mwenye mafua, nyuzi nazo sijabadilisha tangu kabla sijaoa ingawa nyuzi ni chuma haziozi, na usiku nikiangalia video za wapiga besi wa maana kwenye simu naona vyombo vinang’aa mpaka najisikia kama mtu anayeshindana mbio amevaa kandambili.

Mwezi uliopita ile bendi kubwa inayopiga mahotelini, wale wenye mashati ya kufanana, walitangaza kwamba mpiga besi wao amehama na wanatafuta mwingine, nikaenda kwenye majaribio kwenye chumba chao cha mazoezi juu ya duka la matairi, na pale kwenye ngazi nikamkuta kijana ana besi ya nyuzi tano imelala kwenye sanduku lenye kitambaa laini kama mtoto mchanga, na mimi yangu nimeibeba kwenye mfuko ambao mke wangu aliushona kwa pazia letu la zamani lenye maua. Mama, nilitamani ngazi zinimeze. Zamu yangu ilipofika nikaamua kama chombo ni kibaya basi nitawaonyesha mikono, nikapiga kila kitu ninachokijua, nikapanda nikashuka, sikuacha mwanya hata wa kupitisha kucha, na kiongozi wao, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasikiliza mpaka mwisho akasema, “Asante kaka, tutawasiliana,” na wewe unajua maana ya tutawasiliana.

Wakamchukua dada mmoja fundi wa simu ambaye besi yake ilikuwa imezungushiwa utepe wa gundi shingoni kama mtu aliyepata ajali, na nasikia ana ndugu yake humo ndani, na yule wa nyuzi tano naye hakuchukuliwa, sijui kwa nini, lakini mimi nilijua kwamba kilichonikosesha ni chombo, kwa sababu nilipolifungua tu lile pazia niliona wanaangaliana.

Basi nimepata mtu anayetaka kiti, na kwenye duka la vyombo kuna besi moja nyeusi ambayo nimeshaipapasa mpaka muuza duka ananiita shemeji. Mke wangu nimemwambia, akasema, “Kama ni besi nunua besi, lakini ndugu yako mwangalie usoni umwambie, usimfanyie mambo nyuma ya mgongo,” kisha akaniuliza, “Hivi hao waliokukataa, walikuambia besi yako ni mbaya?” na mimi nikajifanya nasikia mtoto analia chumbani. Mdogo wangu nimepanga kumwambia Jumamosi yenyewe kiti kikishaondoka, maana akiniangalia kabla ya hapo nitashindwa.

Mama, umri unakwenda, wenzangu nilioanza nao wengine wako kwenye bendi za maana na mimi bado naaga wastaafu. Niambie ukweli, mtu anaweza kupanda ngazi za muziki akiwa na chombo kama hiki changu? Ninunue au nisinunue? Namba yangu ya simu nimeiweka hapo chini.

Ni mimi mwanao, Kinyozi wa Besi.

*

Marahaba, Kinyozi. Sikukucheka. Haya, nilicheka mara moja, kwenye kifuniko cha dawa ya meno, kisha nikajizuia.

Wasomaji wangu wanajua kwamba huwa najibu barua nikiwa nimekaa kwenye meza yangu, lakini yako ilinishinda kwa sababu sikuweza kujua kwa macho kitu ambacho ni cha masikio. Ndiyo maana nilikupigia nikakuuliza bendi yenu inapiga wapi wiki hii, ukanitajia harusi ya alasiri kwenye ukumbi mmoja, ukafurahi kweli, wala hukuuliza nataka kujua kwa nini. Nilikuja. Nilikaa meza ya nyuma na shangazi zake bwana harusi, ambao walidhani natoka upande wa bibi harusi, wakanikaribisha vizuri sana na kunipa habari zote za ukoo bila kuombwa.

Mimi si mwanamuziki, usije ukaniandikia kunisahihisha. Ila nina masikio, na nina miguu, na miguu haidanganyi.

Nikwambie nilichokiona. Ulisimama pembeni ya jukwaa umempa mzee Bomba mgongo. Macho yako yalikuwa kwenye vidole vyako muda wote, hukumwona mwimbaji, hukuwaona maharusi, nadhani hata ukumbi ungeshika moto ungetoka wa mwisho. Na vidole vyenyewe, mwanangu, vinakwenda! Hilo sikunyimi. Lakini mwimbaji akifungua mdomo na wewe umo, akinyamaza na wewe umo, mpiga kinanda akitaka kusema lake anakukuta umeshakaa kwenye kiti chake. Watu walikuwa wanakula. Walikula vizuri, walizungumza vizuri, shangazi mmoja akaniuliza kwa sauti, “Huyu mwenye gitaa kubwa ana haraka ya kwenda wapi?”

Kisha uzi wako ukakatika. Ule mwembamba kuliko wote, nikausikia mpaka kule nyuma, ukakuchapa kidole ukakitia mdomoni. Huna akiba. Wimbo uko katikati, bibi harusi ndiyo kwanza anasimama. Na wewe, kwa mara ya kwanza tangu niingie ukumbini, ukageuka ukamwangalia Bomba, kwa uso wa mtu aliyeshuka kwenye basi akagundua hiki si kituo chake. Yule mzee hakuacha kupiga. Alikukonyeza tu, akakuonyesha kwa kidevu mguu wake ulipokuwa unakanyaga, nikamwona mdomo unasema, “Huku, njoo huku.”

Ukaenda. Ukabaki na nyuzi zile nene, sauti chache, nzito, moja hapa, nyingine pale, kila mguu wake ukishuka na wewe unashuka nao. Kinyozi, bwana harusi akavua koti! Yule shangazi wa haraka ya kwenda wapi akaacha sahani yake ikiwa na chakula, na huyo si mtu wa kuacha chakula, nilikuwa nimeshamsoma. Sakafu ikajaa. Mimi nina goti bovu ambalo daktari amenikataza hata ngazi, nami nikajikuta nimesimama.

Wimbo ulipokwisha ukumbi ulikuwa unapiga kelele, na wewe ukainama kuzungusha waya wako umekunja uso. Nilikuwa nimesogea karibu nikakusikia kwa masikio yangu unamwambia mwimbaji, “Umeona? Hiki chombo kinaniaibisha mbele za watu.” Watu wanajifuta jasho kwa sababu yako, wewe unaona aibu! Nilitaka kukuvuta sikio palepale, nikajikumbusha kwamba hata hatujafahamiana uso kwa uso.

Kwa hiyo sikuja kwako, nilikwenda kwa mzee Bomba alipotoka nje kupunga upepo. Nikamwambia mimi ni nani, nikamuuliza, “Mzee, huyu mpiga besi wenu, akipata gitaa jipya atafika mbali?”

Akajifuta shingo kwa taulo yake.

“Gitaa?” akasema. “Gitaa lake lina nyuzi zimekufa, hilo ni kweli, na huo waya nimeshamwambia autupe. Lakini mama, nimepiga na watu wengi, huyu ana mkono mzuri kuliko wote. Shida yake anapiga kama mtu anayeogopa kusahauliwa. Kila mwaka namwambia apige kidogo, anadhani namwonea. Leo ndiyo kaniangalia.”

“Na leo palikuwaje?”

“Si ulikuwepo? Wewe ulicheza.” Akacheka mpaka akakohoa. “Nilikuona.”

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama ni ya mtu mwingine. Kwenye zile ngazi mlikuwa wangapi wa kukumbukwa? Mwenye besi ya kung’aa, wakamkataa. Wewe mwenye besi ya pazia, wakakukataa. Aliyepata kazi ni dada mwenye besi iliyofungwa bandeji. Jambo hili umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukaliruka kama dimbwi la maji. Na ili lisikusumbue ukambandikia yule dada ndugu wa kubuni. “Nasikia ana ndugu yake humo.” Unasikia kwa nani? Ungekuwa na hakika ungeniambia ni kaka yake au ni mjomba wake, na anapiga nini. Fundi wa simu wa watu amekwenda, amepiga vizuri, amechukuliwa, basi. Mwache na kazi yake.

Hao waliangaliana ulipofungua pazia, nakubali. Hata mimi ningeangaliana na mtu, pazia la maua ni pazia la maua. Lakini walikusikiliza mpaka mwisho. Wasingekuwa na haja na wewe wangekusimamisha katikati. Mkeo alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua hii, ukasingizia mtoto.

Usinielewe vibaya, sisemi chombo hakina maana. Hao wanaosema mpigaji mzuri hupigia hata ubao wa kufulia ni watu ambao hawajawahi kukatikiwa na uzi mbele ya bibi harusi. Wewe hungemnyoa mteja kwa wembe uliokuwepo kabla hujaoa, eti kwa sababu ni chuma hauozi. Kwa hiyo wiki hii nunua nyuzi mpya, na nyingine za akiba zikae mfukoni daima. Waya unaokoroma utupe, nunua mzima. Shingo iliyopinda mpelekee fundi wa magitaa, nimeuliza, nikaambiwa ni kazi ya kukaza na kulegeza, unasubiri kwenye benchi unaondoka nayo. Hayo utayamudu bila kuuza hata kitana. Halafu kaa na besi yako miezi kadhaa uisikie. Ikifika siku umepata kazi, kazi ya kweli na si ya ndotoni, ambayo besi hii, hata ikishatengenezwa vizuri, bado haiiwezi, hapo njoo ulalamike mbele yangu, nitakuwa wa kwanza kukuambia nunua. Hata hiyo nyeusi ya dukani, kabla ya kuitolea posa, azima kwa mtu inayofanana nayo uipige harusi nzima. Ukiendelea kumpa Bomba mgongo, hata ukipewa besi ya dhahabu utasikika vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Na kwa yule mama mwenye miwani rudi. Nenda mikono mitupu, bila kuomba kazi, umuulize, “Mama, siku ile nilikosea wapi?” Kisha ufunge mdomo, usijitetee, usimweleze habari za shingo wala za kifuniko. Atakachosema ndicho utakachofanyia mazoezi.

Haya, hiyo ndiyo sehemu rahisi. Sasa kaa vizuri, maana barua yako umeifunika besi juu lakini chini kuna kiti.

Unaogopa umri, unaogopa kubaki nyuma ya wenzako. Pole. Si ujinga huo, kila mwenye kitu anachokipenda huhesabu miaka namna hiyo. Lakini ndani ya hofu hiyo umeweza kupanga kwa akili timamu kwamba mdogo wako, mwenye mtoto wa kunyonya nyumbani, aje kazini asubuhi akute alama za miguu ya kiti kwenye sakafu. Uliyemfundisha mwenyewe! Na kumwambia kwako umekupanga kwa baada ya gari kuondoka, ili akikuangalia usiweze tena kurudi nyuma. Mwanangu, kama unajua kwamba akikuangalia utashindwa, basi jibu unalo, hukuhitaji gazeti.

Mpigie mnunuzi leo, mwambie kiti hakiuzwi. Kisha mwambie mdogo wako kila kitu. Ndiyo, hata kama kiti kimebaki. Usijidanganye kwamba kwa kuwa hakikuondoka hana haja ya kujua. Mnunuzi ana mdomo, muuza duka wa kukuita shemeji ana mdomo, na habari kama hiyo akiipata kwa mteja huku ameshika mashine, hatakusamehe kwa namna unayoitaka.

Jibu hili, mpaka hapo, nilikusomea kwenye simu kabla ya kulipeleka kwa mhariri, kwa sababu Jumamosi yako isingesubiri gazeti. Nikajiandaa kwa hasira zako. Ukauliza tu, kwa sauti ndogo, “Mzee Bomba alisema hivyo kweli? Mkono mzuri?” Nikakwambia alisema. Ukasema, “Hajawahi kuniambia,” nami nikakujibu kwamba labda hujawahi kumgeukia.

Jana ukanipigia tena. Mnunuzi umemwambia, amenuna, atapona. Mdogo wako ulimwambia huku mteja wake akiwa kwenye kiti na nusu ya kichwa bado, wakati mbaya kuliko wote, lakini angalau ulisema. Umeniambia alizima mashine, akaiweka chini polepole, akatoka nje, wewe na yule mteja mkabaki mnatazamana kwenye kioo. Ukaogopa hatarudi. Akarudi, akawasha mashine, akamaliza kichwa cha watu kwa utaratibu, akapangusa shingo, akampa mkono. Ndipo akasema, bila kukuangalia, “Kiti ni chako, kaka. Ila ungeniuliza. Ningekwambia uza, tutapokezana hiki kimoja.” Tangu hapo anazungumza na wateja tu.

Sasa unataka nikuambie ufanye nini ili aseme nawe. Hakuna cha kufanya ili aseme. Usimnunulie mtoto wake zawadi, itanuka hongo. Usimtume mkeo, usimtume mama yenu. Bado anakuja kazini, na anaumia kwa sababu angekupa kile ulichotaka kumnyang’anya. Muda wa kuumia ni wake, mwachie. Kesho fungua saluni mapema kuliko yeye, fagia upande wake kabla ya wako, weka taulo safi kwenye kiti chake, na habari za besi usizifungue mpaka aziulize yeye.